Koa Hatafutwi

Asubuhi ya pili baada ya kumzika bibi, kabla watu wa msibani hawajaamka kudai chai, nilitoka kwa mlango wa nyuma nikashuka kwenye matuta ya kabichi. Sikuwa na kazi huko. Nilikuwa nakimbia kuulizwa sukari iko wapi, maana tangu juzi nilishaulizwa sukari iko wapi mara elfu tatu, na mara zote ilikuwa palepale. Katikati ya mistari ya kabichi nikaona kipande cha gome la mgomba, kimelala kifudifudi, cheusi kwa unyevu. Bibi ndiye alikiweka. Pale kwetu hakukuwa na mwingine wa kukiweka. Nikakigeuza kwa kidole cha mguu, kama nilivyokuwa nafanya zamani, na harufu ikapanda: harufu ya kitu kinachooza polepole bila haraka na mtu, nusu togwa, nusu chumba ambacho hakijafunguliwa siku nyingi. Chini yake makoa saba walikuwa wamelala wamegusana.

Nikakaa kwenye umande na kitenge changu kipya cha msiba. 

Nieleze, maana wapo walioishi mijini maisha yao yote na hawajawahi kufahamiana na koa. Koa ni konokono aliyezaliwa bila nyumba. Anatembea uchi, laini, na alikopita anaacha mstari unaong'aa kama mate ya mtoto. Wa kwetu upande wa Kwai walikuwa wakubwa kama viatu vya mgambo. Sawa, kama vidole gumba. Lakini mimi nilikuwa mdogo, na kwa mtoto mdogo kidole gumba kinachotembea chenyewe ni kiatu cha mgambo. Usiku makoa hula kabichi, na kabichi ndiyo ilikuwa chumvi yetu, sabuni yetu na sare za shule, kwa hiyo kati ya bibi na makoa kulikuwa na vita. Ila bibi hakupigana kama watu wengine. Jirani zetu walitoka alfajiri, wakainama mpaka viuno vikalia, wakitafuta jani moja moja. Bibi alikata gome la mgomba vipande vya kiasi cha mkono, akavilaza jioni kati ya mistari, upande wa ndani chini, akaingia kulala. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kupita na kopo, kugeuza gome moja baada ya jingine, na kuwaokota. Walikuwepo daima. Walikuwa wamejileta.

"Koa hatafutwi," bibi aliniambia siku ya kwanza aliyonikabidhi kopo. "Ukimtafuta atakuchosha. Mwandalie mahali, atakuja mwenyewe."

Niliiamini kauli hiyo kuliko nilivyoamini kwamba ugali unashibisha.

Wakati huo nilikuwa bado sijaanza shule. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka ule mtihani: unapitisha mkono juu ya kichwa, na kama vidole havijafika kwenye sikio la upande wa pili, unarudishwa nyumbani ukakue. Wangu haukufika. Nilikuwa na kichwa kikubwa, si mkono mfupi, lakini mwalimu hakutaka kusikiliza utetezi. Basi watoto wote walivuka bonde asubuhi kwenda shule, sauti zao zikashuka, zikapanda upande wa pili, zikazimwa na ukungu, na mimi nikabaki na bibi, bata wanne na makoa. Siku za soko bibi alikwenda Lushoto na mzigo wa kabichi kichwani, nikabaki na bata na makoa tu. Na bata, kama mnavyowafahamu, si watu wa mazungumzo.

Baba alikuwa amekufa kabla sijajua sura yake. Mama alikuwa ameondoka. Alikuwa mtu wa Muheza, chini huko kwenye michungwa, aliyeletwa kwetu na ndoa. Matanga ya baba yalipotimiza mwaka, akafunga nguo zake kwenye shuka moja, akanikumbatia mpaka nikakohoa, akashika njia ya Mombo. Kila aliyekuja kuuliza, bibi alimjibu maneno yaleyale, huku akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa: baridi ya huku imemshinda. Wageni waliguna, wakasema ndiyo, baridi ya huku si mchezo, wakabadilisha habari.

Na kweli haikuwa mchezo. Mwezi wa saba kwetu, ukimwamkia mtu shikamoo alfajiri, marahaba yake inakufikia saa nne, ikishayeyuka. Maziwa yalitoka kwa ng'ombe yakigonganisha meno. Kwa hiyo sikuona ajabu yoyote kwamba mtu wa Muheza ashindwe. Nilichouliza ni kimoja tu: lini tutakwenda kumtafuta.

Bibi hakugeuka. Alikuwa anamenya viazi.

"Mama yako hatafutwi, mke mwenzangu," akasema. Aliniita hivyo kwa utani, kama bibi wote, eti tunagombania babu ambaye alikuwa kaburini kabla sijazaliwa. "Atakuja mwenyewe."

Haya. Mtu mzima akisikia kauli hiyo anajua kwamba mlango umefungwa. Mimi nilisikia nusu ya kanuni ninayoijua. Hatafutwi, atakuja mwenyewe. Kilichosahauliwa kutajwa ni ile sehemu ya katikati, ya kuandaliwa mahali, na nilidhani bibi ameiruka kwa kuwa ana viazi mkononi.

Tangu siku hiyo sikuokota makoa tena kama mtoto anayetumwa. Niliwasoma. Nilichukua ubao wa kukatia mboga, nikauweka nusu kwenye jua nusu kwenye kivuli cha mgomba, nikamtua koa katikati. Akainua pembe zake nne, mbili ndefu mbili fupi, akazipeleka huku na huku kama kipofu anayepapasa ukuta, na baada ya muda wa kumaliza wimbo mzima wa kanisani akaondoka kuelekea kivulini. Nikamgeuza kichwa kiangalie jua. Akageuka. Nikamgeuza tena. Akageuka tena, bila hasira, hana haraka wala kinyongo. Nikachora duara la majivu, nikamweka ndani. Alifika kwenye majivu, akayagusa kwa ncha ya pembe, pembe ikaingia ndani ya kichwa kama kidole kilichoungua, akarudi nyuma. Nikamwaga kikombe cha maji upande mmoja wa ubao mkavu. Akayafuata. Nilifanya mambo haya si mara moja wala mara kumi. Nilifanya mpaka ubao ukawa na utando unaong'aa kiasi kwamba bibi alidhani nimeuosha vizuri, akanisifu, na jioni ile tukala mboga ambayo mpaka leo sijamwambia mtu.

Niliwapa majina. Nilikuwa nawaeleza habari za siku nzima, na kwa kuwa walikuwa wanakuja kila alfajiri, niliamini wanakuja kwangu. Nilikuwa mwenyeji wao. Ndiyo, baada ya maongezi niliwamwaga mbele ya bata, na bata walimaliza ugeni kwa dakika moja, nami nikageuka kutazama milima. Mmoja niliyempenda, mwenye pembe moja fupi, nilimrudisha chini ya gome kila siku. Bibi alishangaa kwa nini mstari wa tatu kabichi zinaliwa sana.

Ujuzi wangu ulifika hapa: kila kiumbe ana kitu kinachomvuta na kitu kinachomfukuza. Koa anavutwa na unyevu na giza, anafukuzwa na jua na majivu. Ukishajua hayo mawili umemshika. Na mama? Kinachomfukuza nilikwisha kuambiwa, kijiji kizima kilikuwa kinajua. Kwa hiyo kinachomvuta hakikuhitaji hata ubao.

Nilichagua Jumamosi kwa sababu Jumamosi bibi alikwenda sokoni tangu alfajiri, na kwa sababu basi la kutoka Mombo lilipiga honi kwenye kona ya chini mchana, na honi hiyo ilifika mpaka kwetu. Chumba cha mama kilikuwa bado kama alivyokiacha: kitanda cha kamba, dirisha la mbao lenye nyufa, na msumari ukutani uliokuwa na kanga yake. Niliziba nyufa zote za dirisha. Nilizibia nini? Magome ya mgomba, bila shaka, upande wa ndani ukitazama ndani, nikashindilia kwa matambara. Chini ya mlango nikatandaza gunia. Kisha nikaenda kulichukua jiko la mkaa, lile ambalo bibi aliliwasha siku za wageni tu, na mimi nilikuwa natarajia mgeni. Nikahamisha makaa ya moto kutoka jikoni kwa koleo lililonizidi urefu, nikajaza mkaa juu, nikapuliza mpaka machozi yakanitoka, nikaliburuta mpaka ndani. Nikafunga mlango. Nikapanda kitandani, nikakaa katikati, nikasubiri honi.

Joto lilikuja. Nawaambia, chumba kile hakijawahi kuwa na joto vile tangu mlima uumbwe. Nikavua sweta. Nikasema moyoni, Muheza ndivyo kulivyo, na nikamwelewa mama kabisa, nikamsamehe hata kile nilichokuwa sijui kwamba nakishikilia. Kichwa kikaanza kugonga taratibu. Nikaona macho yanajifumba, nikadhani ni raha. Nilikuwa sijakumbatiwa siku nyingi, na niliona joto lile linanikumbatia mgongoni, miguuni, mpaka kifuani. Nikalala upande, nikaacha nafasi ukutani ya mtu wa pili.

Honi sikuisikia.

Bibi alirudi mapema. Miaka yote baadaye alieleza sababu tofauti: mara kabichi zilinunuliwa zote na mtu mmoja, mara mguu ulimuuma, mara alisikia tu kwamba nyumbani bata hawapigi kelele, ingawa sokoni ni mwendo wa saa nzima na zaidi. Alisukuma mlango, gunia likazuia, akausukuma kwa bega. Alinibeba mpaka nje, akanilaza kwenye tuta, uso ubavuni mwa kabichi, akanimwagia maji ya mfereji. Nilichokiona nilipofumbua jicho moja ni udongo mweusi karibu sana, na koa akipita mbele ya pua yangu, anakwenda zake kivulini. Halafu nikatapika. Halafu nikamsikia bibi. Sikuwahi kumsikia bibi akilia kabla ya hapo wala baada ya hapo, na alilia kwa Kishambaa, lugha aliyoitumia kwa mambo ya kweli.

Nilipelekwa zahanati kwa mgongo wa jirani, nikarudishwa kesho yake kwa mgongo huohuo, nikiwa na kichwa kinachouma kama kimekanyagwa na ng'ombe wawili wenye ugomvi. Bibi alikuwa amemtuma kondakta wa basi ampelekee mama ujumbe. Jumatatu mchana, nikiwa nimelazwa kwenye kitanda cha bibi, honi ililia kwenye kona, na baada ya muda mama akaingia.

Nilifurahi kwa sababu mbili, na mniwie radhi, ya kwanza ilikuwa ya kisayansi. Ilikuwa imefanya kazi. Ilichelewa siku mbili tu, na hata koa huchelewa.

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda akanishika mkono. Alikuwa amevaa gauni jepesi la Muheza na kanga mabegani. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nikautazama. Ulitetemeka mpaka kwenye kiwiko, na midomo yake nayo ilitetemeka, akaibana, ikaendelea kutetemeka huku imebanwa. Nje kulikuwa na ukungu mzito kama uji. Bibi alisimama mlangoni na bakuli la uji mkononi, hakuingia, hakutoka. Nilidhani anasubiri uji upoe.

 Kisha mama akauliza, kwa sauti ndogo ambayo ilibidi niitazame mdomoni:

"Stela, unataka tukae pamoja, mimi na wewe?"

Nilikuwa na jibu tayari tangu siku aliyofunga shuka. Nilikuwa nimeliandaa, nimelifunika, nimelilinda. Lakini nilitazama mkono ule. Nilifikiria koa ndani ya duara la majivu, namna pembe ilivyorudi ndani ya kichwa. Nikaona nimefanya kosa la kumleta kiumbe mahali pasipomfaa. Nilimwona akikaa nasi hapa, akitetemeka hivi Jumanne, akitetemeka Jumatano, mwezi wa saba mzima, kwa sababu yangu. Na bata walikuwa wamenifundisha kinachowapata wageni wanaoitwa kwa ujanja.

"Hapana, mama," nikasema. "Wewe rudi Muheza."

Mkono ukaacha kutetemeka. Nikafurahi, nikajua nimesema sawasawa.

Aliondoka kwa basi la asubuhi. Bibi alimsindikiza mpaka barabarani, na aliporudi alinipikia mayai mawili, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya nyumba ile, akaniketisha mapajani ingawa nilikuwa mkubwa. Siku kadhaa nilimkuta ananitazama. Yale magome ya dirishani aliyatoa mwenyewe. Mwaka uliofuata mkono wangu ulifika sikioni.

Tangu hapo mama alikuwa machungwa. Kila msimu kondakta alishusha kiroba kwenye kona, na ndani ya kiroba mlikuwa na machungwa yaliyopangwa moja moja kwenye majani makavu ya mgomba, na wakati mwingine kipande cha kanga, na hakukuwa na neno. Nilikuwa nayanusa kabla ya kuyala, kila moja, mpaka bibi aliniuliza kama nanunua au nakula. Nilipokua nilikwenda Muheza mara mbili tatu. Nilimkuta na mume mwingine, mtu mpole muuza iliki, na watoto wawili waliokuwa wakimwita mama kwa sauti kubwa, bila kufikiri, kama mtu anavyofungua mlango wa kwao. Nilimwamkia, akaitikia, akanipikia bada, ugali wa muhogo, tukaulizana habari za barabara. Tulikuwa na adabu sana. Tulikuwa na adabu miaka thelathini.

Mimi nilihamahama. Mombo nilikaa, Korogwe nilikaa, Tanga nikapanga vyumba saba kwa miaka mitano mpaka wenye nyumba walikuwa wanaulizana habari zangu. Kila mahali nilikaa mlangoni na cherehani yangu, nikacheka na kila anayepita, na watu husema Stela hana shida, Stela akicheka bati linainuka. Ni kweli, linainuka. Nikishafunga mlango linashuka.

Shule niliyoiacha nikaifuata ukubwani, masomo ya jioni, darasa la watu wazima waliotoka kazini na harufu zao: fundi magari, muuza samaki, mlinzi anayekuja kusinzia kabla ya zamu. Nimemaliza kidato cha nne nikiwa na watoto wawili, cherehani mbili na meno matatu pungufu, na baiolojia nilipata alama ya kutundikwa ukutani. Sababu ni jioni moja ambayo mwalimu alileta boksi la viatu. Upande mmoja aliweka karatasi kavu, upande mwingine karatasi iliyolowa, akatua katikati nyungunyungu watano, akasema tuandike kwenye daftari kila nusu dakika wako wangapi upande upi. Fundi magari aliweka dau. Mimi niliandika majibu kabla ya jaribio, safu nzima mpaka mwisho, nikaweka kalamu chini. Mwalimu aliona, akauliza nani alinifundisha. Nikasema makoa. Darasa likacheka, nikacheka zaidi yao.

Kisha mwalimu akaeleza. Alisema tusidhani nyungunyungu amepanga safari. Hajui kwamba upande ule kuna maji. "Akiwa pabaya anahangaika," akasema, "anageuka huku, anageuka kule, haraka haraka. Akifika pazuri anapunguza mwendo, anatulia. Wewe ukimwona ametulia unasema alipatafuta. Hakupatafuta. Alikuwa hawezi kukaa alipokuwa."

Nikaomba ruhusa nikatoka nje. Niliporudi na macho mekundu nilisema ni mafua, na mlinzi aliyekuwa akisinzia akanipa kitambaa chake bila kufungua macho.

Maana niliona vyumba vyangu saba. Na nilimwona mama, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza swali ambalo mtoto mwenye kopo hakujiuliza: ni nini hasa kilichomfanya asiweze kukaa alipokuwa. Nikaanza kuulizia, kidogokidogo, kwa wazee wa kwetu niliokuwa nawashonea. Haikuchukua muda. Kijiji kizima kilikuwa kinajua, kama nilivyosema. Wakubwa wa ukoo walitaka mama arithiwe na mdogo wake baba, kama ilivyokuwa desturi, akakataa. Mwanamke aliyekataa hakuwa na mahali pa kukaa katika nyumba ile, na mtoto alikuwa wa ukoo. Baridi ya huku imemshinda. Bibi alitafuta maneno ambayo yangemwondoa bila kumvunjia heshima, akayapata, na mimi nikaenda nayo kuwasha jiko.

Hayo nilikuwa nayajua nilipokaa kwenye umande asubuhi ile. Nilichokuwa sijui ni kwamba mama ameamka.

Alikuja kwa msiba, bila shaka, siku ileile aliyopata habari, akalia kwa sauti kubwa kuliko wafiwa, na tangu hapo tulikuwa tumepishana tu jikoni na sufuria. Sasa alishuka kwenye matuta polepole, akishika goti, akasimama karibu nami akitazama makoa. Ni mtu mzima sasa, mfupi kuliko nilivyokuwa namkumbuka. Sweta alikuwa amelifunga kiunoni. Nikamwamkia, akaitikia. Ukungu ulikuwa unapita kati ya kabichi, na pumzi zetu zilikuwa zinaonekana.

"Mama, vaa sweta," nikasema. "Baridi."

"Baridi ipi?" Akashangaa kweli. "Mimi na baridi hatujawahi kugombana. Nilikuwa nachota maji ya mfereji ule mguu pekupeku, muulize..." akanyamaza, kwa sababu wa kumuuliza tulikuwa tumemzika.

Nikasema kitu ambacho nilikuwa nimekibeba bila kujua nimekibeba. Nikasema, lakini siku ile nilipougua, ulikuwa unatetemeka.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za kitu alichodhani hakikuonwa na mtu yeyote.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Bibi yako alikuwa amekubali. Alisema: muulize mwenyewe, akitaka kwenda, mchukue, ukoo niachie mimi. Nilikuwa na nauli yako nimeifunga kwenye pindo la kanga. Nilitetemeka kwa kuogopa utakataa." Akavunja jani lililotobolewa na makoa, akalizungusha vidoleni. "Ukakataa."

Hapo ndipo nilipomweleza. Sikuchekesha, na wanaonijua wanajua kwamba hilo ni gumu kwangu kuliko baiolojia. Nilimweleza gome na kopo, ubao na majivu, na maneno ya bibi akimenya viazi. Nilimweleza kwamba nilidhani ananiuliza kama akae hapa. Kwamba niliona mkono ule nikasema huyu atakufa huku, na aliyemwita ni mimi. Nilimweleza nafasi niliyoiacha kitandani, upande wa ukutani.

Mama alisikiliza mpaka mwisho amesimama. Kisha akakaa chini kwenye ukingo wa tuta, taratibu, mkono mmoja ukitangulia ardhini. Alisema sentensi moja tu, akiwaambia makoa, si mimi.

"Na mimi kila mwaka nilikuwa nasema nisimsumbue, alishachagua."

Jua lilikuwa limeanza kupenya upande wa mikaratusi. Likafika kwenye gome lililogeuzwa, na wale saba wakaanza kuinua pembe, mmoja akajikunja, wawili wakaanza kwenda. Juu nyumbani mtu aliita, akauliza sukari iko wapi. Hatukumjibu. Mama alinyoosha mkono, akalirudisha gome juu ya makoa, akalibonyeza kidogo ili likae.

Kati yetu tulikuwa tumeacha nafasi ya kukaa mtu wa tatu. Nilisogea. Naye akasogea. Hakuna aliyekuwa na daftari.